Nyumba Mbili za Gortaveeha

Gortaveeha,
Drumkeel,
Kaunti ya Leitrim,
Ayalandi.

29 Oktoba 1964

Mpendwa mdogo wangu Phelim,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Valda na watoto, na kwamba ule mgongo wako umetulia. Mimi sijambo. Magoti ndiyo yananisumbua kukiwa na unyevu, na kwa kuwa hapa unyevu hauondoki, tumeshazoeana. Vipi Valda, amepata nguvu tangu atoke hospitali? Meno ya mbele ya Rosaleen yameshaota? Na Colm, ameacha kuogopa mbwa? Mwambie hata wewe uliwaogopa mpaka ulipokuwa mkubwa wa kutosha kuona haya.

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Hughie wa posta alisimama mlangoni akingoja niifungue, kama vile aliyeandikiwa ni yeye.

"Anasemaje Phelim?" akauliza.

"Anasema upunguze umbea."

"Hayo angeandika kwenye kadi. Bahasha nene namna hiyo ina jambo."

Na kweli ilikuwa na jambo. Umeniomba nifunge nyumba, niuze ng'ombe, nipande meli nije kuishi kwenu Melbourne siku zangu zilizobaki. Umesema chumba kipo na Valda ameridhia. Umetaka jibu kabla ya Krismasi. Nitakujibu humu humu, Phelim, sitakuzungusha. Ila lazima kwanza nikueleze yaliyotokea hapa wiki iliyopita, la sivyo hutanielewa.

Viazi mwaka huu ni vizuri, vikavu, vinapasuka maganda vikichemshwa. Mboji ya kuchoma niliyokata kinamasini, ndiyo kuni zetu, ilichelewa kukauka kwa ajili ya mvua ya Julai, lakini sasa nimeipanga kando ya nyumba na itanitosha mpaka kiangazi. Mtoto wa McTernan kutoka upande wa Drumkeel alinisaidia kuibeba kwa trekta lake. Alifanya kazi yote bila kuzima mashine, kwa hiyo hatukuzungumza hata neno moja.

Familia ya McGourty nayo imeondoka. Walikwenda Coventry mwezi wa Mei, wote, na bibi yao wakiwa wamemkalisha mbele karibu na dereva, amefungwa shali kama mtoto mchanga. Mashamba yao wamewauzia watu wa misitu, na kule ambako wewe na mtoto wao Eugene mlikuwa mkicheza mpira sasa ni misonobari mitupu. Kitu kimoja kitakuchekesha. Vibarua walikataa kupanda hata mti mmoja ndani ya lile boma la kale la Watu Wema, wasije wakawaudhi majini wa mle. Msimamizi wao, kijana wa mjini, aliwabembeleza, akawatukana, mwisho akachukua sepetu akaingia mwenyewe. Alitoka baada ya dakika chache akisema udongo wa mle haufai. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Kwa hiyo boma limebaki na miti yake ya miiba, na misonobari imelizunguka pande zote.

Watu wa umeme walikuja pia, wakatazama, wakaondoka. Wanasema nguzo hazifiki mahali penye nyumba mbili. Ndiyo, ni mbili tu zilizobaki, Phelim. Yetu, na ile ya juu ya Packie Gallogly.

Jioni ndiyo mbaya. Unakumbuka jikoni kwetu palivyokuwa, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi ya darini, na Packie huyo huyo akisimulia habari za boma mpaka wewe unagoma kutoka nje kwenda chooni? Alikuwa akikuambia, "Nenda tu, Phelim, hawachukui watoto wabaya, wanataka walio wazuri," na wewe ukawa hujui ufurahi au uogope. Sasa hakuna anayeingia. Sala ya rozari naianzisha mwenyewe na kujiitikia mwenyewe. Kuna siku nilitulia katikati, nikingoja upande wa pili uitikie, nikasahau kuwa upande wa pili ni mimi. Sikuandikii hivi ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu ndivyo ilivyo, na kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Utauliza: na Packie je, si yupo pale juu? Yupo. Taa yake naiona kila jioni. Lakini mimi na yeye tulikuwa hatusemezani, miaka kumi na ushei. Nilikuandikia zamani kwamba tumegombana, nikaishia hapo. Sasa nikueleze.

Mwaka uliofuata kifo cha mama nilishikwa na homa kali, nikalala siku mbili bila kuamka, na moto ukafa mekoni. Unajua moto ule. Bibi aliufukia jivuni kila usiku na kuufufua kila asubuhi, mama naye vivyo hivyo, na mimi baada yake. Haukuwahi kuwashwa upya tangu nyumba ijengwe. Kiberiti kilikuwepo juu ya kabati la vyombo, lakini sikutaka kukigusa. Nilijiambia kwamba moto wa Packie ni mtoto wa moto wetu, maana babu yake alipojenga pale juu alibeba makaa kutoka mekoni kwetu ndani ya sufuria. Nitakwenda kuomba kaa moja, nirudishe moto kwao. Nikachukua ndoo, nikapanda kilima.

Packie akanitazama, akaitazama ndoo, uso ukambadilika.

"Leo?" akasema.

"Leo kuna nini?"

"Leo tarehe mosi Mei, Sabina. Moto hautoki ndani ya nyumba hii leo. Njoo kesho, nitakupa meko nzima."

"Kesho nitakuwa maiti."

"Basi nitakuja kwenye matanga."

Alitaka kutania. Na mimi homa ilikuwa imenipanda kichwani. Ng'ombe wake wawili walikuwa wameharibu mimba mwaka ule, na alikuwa na hofu kwamba moto ukitoka siku ile, bahati yote iliyobaki ingetoka nao. Nilimjibu neno moja kuhusu bahati ya mtu asiye na mke wala mtoto, naye akafunga mlango taratibu, hakuubamiza. Nikarudi nyumbani, nikawasha kiberiti. Kinachoudhi ni kwamba angekuja yeye kwangu siku ile na ndoo yake, mimi pia ningemnyima. Mama angemnyima. Hakuna mtu Gortaveeha ambaye angetoa moto tarehe mosi Mei, hata kwa Padri.

Tangu hapo tukanuniana. Kanisani alikaa upande wake, nami upande wangu. Tukirudi kwa barabara ile ile, mmoja akiwa mbele, wa nyuma anapunguza mwendo. Ng'ombe wangu akivuka kwenda kwake, namkuta amerudishwa na lango limefungwa kwa kamba, na mtu simwoni. Kukiwa na habari ya lazima tunampa Hughie. "Mwambie mtu wa chini ukuta wake umebomoka." "Mwambie mtu wa juu nina macho." Tulizoea hivyo.

Sasa, zamu ya Misa ya vuli, ile inayozunguka nyumba hadi nyumba, mwaka huu ilikuwa ya nyumba yetu. Tulipokuwa wengi zamu ilikuwa inachukua miaka kutufikia, na mama alikuwa akianza kupaka chokaa miezi miwili kabla. Safari hii Padri McGoey alinisimamisha nje ya kanisa baada ya Misa ya Jumapili. Ni mtu mwema, ila hazungushi maneno.

"Sabina," akasema, "zamu ni yako, na mimi nitakuja. Lakini nyumba ya pili isipotia mguu kwako, mwakani Gortaveeha nitaiunganisha na Drumkeel. Sitaisoma tena altareni nikitangaza zamu."

"Utaacha vipi kupasoma mahali ambapo bado papo, Padri? Mimi nimetoka huko asubuhi hii."

"Wewe upo, hilo naliona. Ninachouliza ni kama una jirani."

Nilikasirika mpaka nikasahau mwavuli wangu kanisani. Nikatembea njia nzima kwenye mvua nikijibizana naye kichwani, na kichwani nilimshinda. Lakini nilipofika nyumbani na kukaa, nilijua kwamba ameuliza swali la haki.

Nilijaribu kumtuma Hughie. Akakataa, mara ya kwanza maishani mwake kukataa kubeba neno. "Mimi nalipwa kubeba barua," akasema. "Vichwa vigumu kama hivyo vyenu vitanivunjia baiskeli. Panda mwenyewe."

Ilinichukua siku kadhaa kupiga moyo konde. Nilivaa koti la Jumapili, nikalivua ili asidhani nimejipamba kwa ajili yake, nikalivaa tena kwa sababu kulikuwa na baridi. Mbwa wake hakunijua, akanibwekea mpaka mlangoni. Packie alikuwa akiponda viazi vya nguruwe. Amezeeka, Phelim. Shingo yake imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Misa ni Alhamisi," nikasema. "Saa mbili asubuhi."

"Nilisikia. Masikio yangu hayajafa."

"Basi nimekwambia."

"Umeniambia."

Ikawa ndiyo hayo. Nilibaki pale muda kidogo, na yeye akaendelea kuponda. Nyuma yake niliona meza yenye kikombe kimoja na dirisha lililozibwa kwa gunia. Kisha nikashuka kilima, na sikujua kama nimemkaribisha au nimemtukana upya.

Siku zilizobaki nilifanya kazi mpaka mikono ikapasuka. Zamani wanawake wote wa kitongoji walikuwa wakija, mmoja na brashi, mwingine na vikombe vyake vizuri, na kelele juu. Safari hii nilipaka chokaa peke yangu, nje na ndani, nikipanda kiti na kushuka kwa kuyashika magoti. Nilisugua mawe ya sakafu. Nilitoa kitambaa cha mama cha mezani, nikakipiga pasi mara mbili. Nilioka mkate wa magadi na keki ya zabibu kavu, nikatenga mayai na nyama ya nguruwe kwa kifungua kinywa cha Padri. Viti nilivipanga kuzunguka jikoni, vyote, hata kile kibovu cha baba. Sijui nilikuwa nikimpangia nani.

Alhamisi ilipofika, Padri alikuja na mtumishi wake, wakaja pia McTernan na mkewe kutoka Drumkeel, ambao walikuja kwa adabu tu maana si wa kitongoji chetu. Walikaa wote karibu na mlango. Viti vingine vikabaki vitupu. Padri aliungamisha watu sebuleni, akatoka, akavaa, akatazama saa yake.

"Tuanze, Sabina?"

"Ngoja kidogo, Padri. Birika halijachemka."

"Misa haihitaji birika."

"Kifungua kinywa chako kinalihitaji."

Akacheka, akakaa. Mke wa McTernan akakohoa kwa ajili ya kukohoa tu. Mimi nilikuwa nimesimama mekoni nikijifanya nashughulika na birika, ambalo lilikuwa limeshachemka zamani. Nilijiambia kwamba sijali. Nilijiambia nina chumba kinachoningoja Melbourne. Nikajiambia pia kwamba nikisikia Gortaveeha imerukwa altareni, nitalia mbele ya watu, na sitaweza kujizuia.

Kisha mlango ukawa giza. Packie alikuwa amesimama pale na kiti mgongoni. Suti yake ya matanga ilinuka dawa ya nondo, na kidevu alikuwa amekikata kwa wembe mahali pawili.

"Kiti chenu," akasema. "Kile mlichotuazima mama yangu alipofariki. Kimechelewa kidogo."

"Kiweke pale," nikasema.

Akakiweka katikati ya jikoni, akakikalia.

Sitakueleza Misa. Ilikuwa kama Misa zote, na mvua ilikuwa inapiga paa. Ila Packie anasali kwa sauti nzito, nusu hatua nyuma ya wenzake, kama alivyokuwa akisali baba yake, na mimi nilishindwa kumtazama.

Ilipokwisha, Padri akauliza kama ilivyo desturi ni nyumba gani itapokea Misa ya majira ya kuchipua. Packie aliitazama kofia yake, ndani na nje.

"Mimi," akasema.

"Kwako?" Mke wa McTernan alishindwa kujizuia.

"Kwangu, ndiyo. Mbona umeshtuka? Unadhani nalala zizini?"

"Hapana," akasema McTernan, "tulidhani ng'ombe ndio wanaolala kwako."

Tukacheka wote, na Packie naye akacheka, akaonyesha meno aliyobaki nayo. Padri akasema vizuri, Gortaveeha kwa Patrick Gallogly, mwezi wa Aprili, akaingia sebuleni kula. Hakunitazama, lakini nilijua ananitazama.

Wengine walipoondoka Packie alibaki. Alikula mayai matatu. Nilimmiminia chai, akainywa. Miaka kumi na ushei, Phelim, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kuanzia. Mwishowe akasema, akitazama kikombe:

"Hughie anasema unakwenda Australia."

"Hughie anasema mengi."

"Unakwenda?"

"Bado sijajibu."

Akatikisa kichwa polepole. "Ukienda, nijulishe mapema," akasema. "Mimi kila asubuhi huutazama moshi wako kabla sijala. Nisije nikaona hakuna moshi, nikavunja mlango bure."

Akasimama, akashukuru kwa mayai, akavaa kofia. Alipofika ukutani akageuka akanipigia kelele kwamba ng'ombe wangu anachechemea mguu wa nyuma na nimtazame kwato. Akapanda kwake. Tangu siku ile hajashuka tena, nami sijapanda. Sitaki nikudanganye kwamba sasa tuna mazungumzo kila jioni. Hatuna. Jana tulikutana kisimani, akasema mvua inakuja, nikasema ndiyo.

Sasa nikujibu, mdogo wangu. Nilikuwa nimekubali. Nataka ujue hilo. Kabla ya ile Alhamisi sanduku la baba nilikuwa nimeshalishusha kutoka darini, nimelifuta vumbi, na nimeanza kuweka vitu. Nilikuwa nimeshaamua nani nimpe kuku. Nilijiona nimeketi kwenye jua, sina soksi, Rosaleen ananisomea gazeti. Nilikuwa nimechoka na ukimya huu, na bado nimechoka nao.

Lakini sitakuja, Phelim. Mwezi wa Aprili Padri atapanda kwa Packie, na Packie atakuwa amepanga viti kama nilivyopanga mimi, na najua sasa inavyokuwa kusimama mekoni ukitazama mlango. Siwezi kumfanyia hivyo. Ana kikombe kimoja. Nitapanda mwezi wa Machi na ndoo ya chokaa, atake asitake, na lile gunia la dirishani nitalichoma.

Usidhani nimefanya hivi kwa furaha, wala kwa sababu nampenda Packie kuliko ninavyokupenda wewe. Wewe ndiye wangu wa pekee aliyebaki duniani. Siku ulipoondoka nilikushikia lango, nikasimama mpaka gari likapotea, na siku ile nilisema moyoni kuwa utarudi. Sasa najua hutarudi, na mimi siji. Kwa hiyo hatutaonana tena, mimi na wewe. Ni mimi niliyechagua, na aliyechagua mwenyewe hana haki ya kulia, lakini leo tangu asubuhi nimelia.

Nisalimie sana Valda, umshukuru kwa niaba yangu, na umwambie asifikiri nimeudharau moyo wake. Msalimie Colm. Mbusu Rosaleen. Waambie wana shangazi huku, ana magoti mabovu na mdomo mkali, na anawataja kwa majina kila jioni. Nitumieni picha mkiwa wote pamoja, mmesimama karibu karibu, nione nani amechukua pua ya baba. Packie anakusalimu pia. Hakusema hivyo, lakini aliuliza kama bado unaogopa giza.

Mungu awakinge na moto wa huko na mafuriko ya huko, na akupe watu wa kukuitikia mpaka mwisho.

Ni mimi, anayekupenda leo kama siku ile ya langoni,
Dada yako,
Sabina